Mwaka Niliomjibia Mungu

Habari za msiba nilizisoma kwenye simu, kwenye kundi la ukoo, nikiwa nachambua maharage sebuleni kwangu Soweto, hapa Moshi mjini. Shangazi Ndekusara wa Kirua Vunjo, dada wa baba yangu, amelala. Kabla sijamaliza kusoma, watu walikuwa wameshajaza pole na mishumaa ya kuchora. Nami nikaandika pole yangu, nikaweka simu chini, nikaendelea na maharage, na baada ya muda nikagundua kwamba nachambua yale yale niliyokwisha kuyachambua. Pale usharikani wananijua kama Mwalimu Eliwaza, mama mstaafu anayefundisha wanawake somo la kumngoja Mungu. Ninalifundisha vizuri, sijisifu bure, wapo wanaotoka wakifuta machozi. Ninatoa mifano ya wajane, ya wagonjwa, ya wasichana waliokosa waume. Mfano mmoja sijawahi kuutoa, nao ndio ninaoujua kuliko yote. Kutoka Soweto hadi Kirua, juu mlimani, ni safari ya asubuhi moja, unakwenda na unarudi jua likiwa bado juu. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimepanda huko kwenye harusi na mazishi tu, na kila mara nimeteremka kabla sahani hazijaoshwa. Watu walidhani walimu tuna shughuli nyingi. Niliwaacha wadhani hivyo.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri barua ya kuitwa chuo cha ualimu, na kwa kuwa Shangazi alikuwa mjane anayekaa peke yake, nilipelekwa nikasubirie kwake. Nyumba yake ilikuwa ya matofali na bati, sebule ina viti vinne vyenye vitambaa vya kufuma, na hakuna aliyekalia viti hivyo isipokuwa mchungaji. Maisha yalikuwa jikoni, kile kijumba cha mbao nyuma ya nyumba, ambako moshi ulitufanya wote wawili tuonekane tunalia hata siku za furaha. Huko ndiko nilikomenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, na huko ndiko tulikokula kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, jioni, na mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, siku za baridi, mwezi wa saba, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye mibuni. Upande wa pili wa ukuta wa mbao alikaa ng'ombe wetu, Furaha, aliyezaliwa kwenye zizi lile lile. Kazi yangu ilikuwa kumlisha. Nilimkatia migomba, nikambebea majani, nikamlalamikia kwa sauti mambo ambayo sikuweza kumwambia mtu. Mchana wote nilikuwa na ng'ombe, usiku nililala kwenye chumba cha Kundaeli.

Kundaeli ndiye mtoto pekee wa Shangazi. Alikuwa ameondoka miaka sita kabla sijafika, akaenda machimbo ya kusini kutafuta mawe ya thamani. Aliandika barua mbili mwaka wa kwanza, kisha kimya. Hakuna aliyejua kama yu hai. Simu za mkononi hazikuwepo, na vijana waliorudi kutoka huko walisema Tanzania ni kubwa. Chini ya kitanda chake kulikuwa na madaftari yake ya shule, na koti lake lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango. Kila Jumamosi Shangazi alilitoa nje likapate jua, akalikung'uta, akalirudisha. Sikuwahi kumwona akilia juu ya lile koti. Alilianika tu, mwaka wa sita sasa.

Alfajiri, Furaha alipoanza kulia njaa, Shangazi alikwenda jikoni, akapiga magoti mbele ya kigoda chake na kuomba. Aliomba kwa sauti, Kichagga na Kiswahili vikiwa vimechanganyika, kama mtu anayezungumza na jirani ng'ambo ya ua. Nilimsikia kila siku kutoka kitandani. Alishukuru kwa mvua, akamtaja mchungaji, akanitaja mimi na barua yangu ya chuo, halafu akafika kwa Kundaeli, na hapo sauti ilishuka. Hakubembeleza. Alisema, "Bwana, na leo nimekuja kwa ajili ya Kundaeli," kisha akaenda kukamua. Mwanzoni nilimwonea huruma. Baada ya miezi mitatu nilianza kukasirika, na nasema ukweli, hasira yangu ilikuwa ya kisomi na ya kijinga. Nilijiuliza ni Mungu gani anayeamshwa kila alfajiri na mwanamke mmoja kwa jambo moja na hana hata neno la kumjibu. Wanawake wa jumuiya walipokuja kusali nyumbani kwetu Jumatano, walimwambia subira yavuta heri, wakanywa chai yake, wakaenda makwao kwenye watoto wao. Nami barua yangu ya chuo haikuwa imekuja. Nilikuwa nimechoka kusubiri kwangu, na nilikuwa nimechoka zaidi kusikiliza kusubiri kwake.

Barua ya Kundaeli niliiandika mimi, mchana mmoja wa mwezi wa kumi, baada ya chakula, mvua ikipiga bati kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusikia hata kalamu ikianguka. Nilifungua madaftari ya Kundaeli na kujizoeza mwandiko wake, ile herufi ya k iliyokaa kama imeegemea fimbo. Niliandika kwamba yu mzima, kwamba alipata ajali ya shimo akalazwa muda mrefu, kwamba aliona aibu kuandika bila kuwa na chochote mkononi. Niliandika kwamba amekumbuka nyumbani, amekumbuka mtori, na kwamba anawasalimu wote, hata Furaha zizini. Mwishoni niliandika kwamba atakuja Krismasi. Hapo ndipo nilipozidisha, maana Mchagga akikuambia atakuja Krismasi amekuahidi jambo zito. Mwezi wa kumi na mbili mlima mzima hujaa watoto wake, magari yanagusana kwenye njia za udongo, na nyumba ambayo mtoto wake hajaja hujulikana na kila mtu. Lakini nilitaka furaha yake iwe na tarehe. Nilijiambia kwamba mpaka wakati huo pengine mwenyewe atakuwa amejitokeza, au Mungu atakuwa ameona haya. Nilithubutu kuwaza hivyo, kwamba Mungu ataona haya.

Siku ya soko nilikwenda Moshi mjini, na niliporudi nilimwambia kwamba mtu mmoja wa Marangu alinikuta stendi akanipa barua ya mkono. Barua za mkono zilikuwa jambo la kawaida, hazina stempu wala muhuri wa posta. Alikuwa anachuja maziwa. Aliniangalia, akamaliza kuchuja, akafunika chombo, akafuta mikono kwenye kanga, ndipo akasema nimsomee, kwa sababu macho yake hayakuweza mwandiko wa kalamu. Kwa hiyo barua yangu niliisoma mimi mwenyewe, kwa sauti yangu mwenyewe, huku yeye akiwa amekaa kwenye kigoda kile cha maombi. Nilipomaliza hakupiga kelele. Alivua kilemba chake, akakiweka mapajani, akasema, "Amekula nini huko hospitali, mwanangu? Nani alimpikia?" Sikuwa nimefikiria hilo. Nikamwambia barua haisemi.

Jumapili ile alitoa shukrani ya pekee. Kwa wasiotujua, kwetu mtu aliyejibiwa ombi hakai nalo nyumbani. Hulipeleka mbele ya madhabahu pamoja na sadaka, watu wa nyumba yake na jumuiya yake wakimsindikiza, na karani wa kanisa husoma sababu ya shukrani ili wote wasikie. Shangazi alibeba jogoo wake mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Mimi nilitembea kando yake, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mtu wa nyumba yake. Karani alisoma kwamba Mama Kundaeli anamshukuru Mungu aliyesikia maombi yake ya miaka sita. Kwaya iliimba, watu walipiga makofi, na nyuma yangu nilimsikia mwanamke akilia kweli kweli. Baada ya ibada sadaka za vitu zilinadiwa uani kama kawaida, ndizi, mayai, maziwa, na jogoo akanunuliwa na mzee wa kanisa mmoja, Mzee Ndesario, ambaye hapo hapo alimrudisha mikononi mwa Shangazi. Alimwambia huyo akamfuge mpaka Krismasi, akamchinjie kijana. Watu walifurahi mno. Tulirudi naye nyumbani, mimi ndiye niliyembeba.

Basi tukawa na jogoo uani, na kila alfajiri aliwika. Yule mwanafunzi aliyemkana Bwana wake alimsikia jogoo asubuhi moja tu, akatoka nje akalia. Mimi nilimsikia wangu miezi miwili, nikajifunika blanketi. Kilichonitesa zaidi kilikuwa kimya cha jikoni. Shangazi bado aliamka, bado alishukuru kwa mvua na kunitaja mimi na barua yangu, lakini ombi la Kundaeli halikuwepo tena. Lilikwisha kujibiwa. Nilikuwa nimemchukia kwa kuliomba, na sasa nililala macho wazi nikilisubiri. Alipaka chokaa kuta za sebule. Alinihamishia chumbani kwake ili chumba cha mwenyewe kiwe tayari. Na karibu kila jioni aliniomba nimsomee tena barua, nami nikamsomea mpaka nikaijua kwa moyo. Jioni moja, mwezi wa kumi na moja, nilipofika kwenye salamu alininyooshea mkono. "Rudia hapo," alisema. Nikarudia kwamba anawasalimu wote, hata Furaha zizini. Akasema sawa, akachukua ndoo, akaenda kumpa ng'ombe maji, ingawa nilikuwa nimeshampa. Hakuniomba tena kumsomea. Kesho yake alfajiri nilimsikia akisema, "Bwana, na leo nimekuja kwa ajili ya Kundaeli." Nikafurahi. Nilidhani anamwombea safari njema.

Krismasi ilikuja na kupita. Watu walipanda kutoka Dar na Arusha, walipita nyumbani kwetu kumsalimia Kundaeli, na Shangazi akawakaribisha, akawapa chai, akasema safari zina mambo yake. Nilitegemea ataniuliza. Niliandaa majibu, niliandaa hata barua ya pili kichwani. Hakuuliza chochote. Jogoo hakuchinjwa. Baada ya mwaka mpya, nikiwa kwenye foleni ya bomba na ndoo yangu, niliwasikia wanawake wawili wa jumuiya yetu waliosimama mbele yangu. Mmoja aliuliza ile barua aliyoishukuru Mama Kundaeli ilitoka kwa nani hasa. Mwenzake akasema, "Barua gani? Amejiandikia mwenyewe, maskini. Upweke unamsumbua." Wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Kisha mmoja akageuka akaniona, akaona aibu, akanisalimu, akanipisha nichote kwanza. Nilikuwa na nafasi yote ya dunia. Sentensi moja ingetosha. Nilisema asante, nikachota, nikabeba ndoo yangu mpaka nyumbani bila kumwaga hata tone. Habari ile ilizunguka kijiji kizima, na Shangazi aliendelea kwenda kanisani na kukaa kwenye benchi lake lile lile, safari hii akiwa na nafasi kila upande.

Mwezi wa pili barua yangu ya chuo ilifika, ya kweli, yenye muhuri. Ombi langu Mungu alilijibu kwa wakati wake, nami ndiye niliyestahili kunyimwa. Asubuhi ya kuondoka Shangazi alinifungia ndizi za kuchemsha na chupa ya maziwa mgando, akanisindikiza mpaka kwenye masale, ile mimea tunayopanda mpakani mwa kihamba, shamba la nyumbani. Alisimama pale kama mtu anayesubiri kitu. Nikamwambia, "Nakwenda, Shangazi." Akasubiri kidogo tena. "Haya mwanangu," akasema. "Mlango huu hauna kufuli." Nikashuka mbio kuwahi gari, ambalo halikuwa na haraka yoyote.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kuliko maisha ya kazi. Miaka minne baadaye, nikiwa nafundisha mbali, nilipata habari kwamba Kundaeli amerudi. Hakurudi Krismasi. Alirudi katikati ya masika, siku isiyo na jina, amekonda, na mfuko mmoja wa nailoni, akamkuta mama yake analimia migomba. Mtu mwenye moyo mzuri angepiga magoti na kushukuru. Mimi niliposikia niliogopa, kwa sababu niliwaza kwamba sasa ataulizwa kuhusu barua. Ndiyo hali niliyokuwa nayo, kwamba Mungu alijibu ombi la miaka kumi na nilichokiona humo ni hatari yangu. Tangu hapo nikawa mgeni wa harusi na mazishi. Kila tulipokutana nilisema shikamoo Shangazi, naye akasema marahaba mwanangu, akaushika mkono wangu kwa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji. Kisha nikakumbuka kwamba nina madaftari ya kusahihisha.

Shangazi tulimzika Alhamisi. Ijumaa sikuteremka. Kwetu mtu aliyekosa haendi mikono mitupu kuomba radhi, huenda na jani la isale, na aliyekosewa akiliona jani lile, hata kama moyo unachemka, hana ruhusa ya kukataa. Nilikwenda mpakani mwa kihamba, pale pale aliposimama asubuhi ile, nikakata moja. Mpaka nalishika mkononi ndipo nilipoelewa ujinga wangu. Nilikuwa nimesubiri mpaka mwenye kulipokea awe chini ya udongo. Nikaenda nalo jikoni. Kundaeli, mzee sasa, mvi kichwa kizima, alikuwa amekaa peke yake anakunywa mtori uliobaki wa msiba. Nilimnyooshea jani nikamwambia, "Kaka, ile barua niliiandika mimi." Maneno hayo yalitoka kwa sauti ndogo kama ya mtoto aliyevunja sahani.

Hakushtuka. Aliweka bakuli chini. "Mama alijua," akasema. "Furaha alizaliwa mimi nimeshaondoka. Ningemsalimuje ng'ombe nisiyemjua?" Nikakaa kwenye gogo la kuni. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, alipokuwa anachekwa kwamba amejiandikia. Kundaeli alisema naye aliuliza swali hilo hilo, na mama yake akamjibu kwamba mimi nilikuwa msichana, nilikuwa na chuo mbele yangu na mume wa kutafutwa, na yeye alikuwa mwanamke mzima anayeweza kubeba kicheko. Kisha akanieleza lile ambalo sikulitegemea. Tangu aliporudi yeye, Shangazi hakuacha kuamka alfajiri. Alishukuru kwa mvua, akamtaja mchungaji, halafu sauti ilishuka na kusema, "Bwana, na leo nimekuja kwa ajili ya Eliwaza." Kila siku. Kundaeli alikamua ng'ombe akiwa anasikiliza hilo ombi mpaka wiki iliyopita.

"Nilimwambia, Mama, si nimpigie tu simu? Yupo hapo chini Soweto, nimwambie umeshasamehe, aje," alisema Kundaeli. "Akakataa. Akasema, 'Nikimwita, itakuwa ni barua nyingine ya kujiandikia. Mwache Mungu amlete.'"

Nilimjibia Mungu ombi ambalo halikuwa langu kulijibu, nikashindwa miezi michache kusubiri kwa niaba ya mwingine. Na ombi moja ambalo jibu lake nilikuwa nalo mimi, kwenye miguu yangu hii, umbali wa asubuhi moja, nililiacha lisubiri mpaka mwombaji akafa. Kundaeli alilichukua lile jani. Alisema si lake, lakini akalichomeka kwenye mbao za ukuta, juu ya kigoda.

Jumapili nilipanda tena Kirua, nimebeba jogoo kutoka Soweto. Karani wa kanisa, binti ambaye hakuwa amezaliwa mwaka ule, alichukua kalamu akaniuliza aandike shukrani ya nini. Nikamwambia aandike ombi la marehemu Ndekusara, limejibiwa, mengine nitayasema mwenyewe. Kundaeli alinisindikiza mbele. Kati ya wale wanawake wawili wa bombani mmoja bado yu hai, nilimwona kwenye benchi la tatu ameshika fimbo. Niliyasema yote, barua, mwandiko, jogoo, bomba, na kwamba Mama Kundaeli hakujiandikia chochote maishani mwake. Kwaya haikuimba. Nilipomaliza, mchungaji, kijana mpole asiyejua afanye nini, aliniuliza taratibu ni ombi lipi basi la marehemu lililojibiwa. Nikamwambia ni mimi, kwamba aliniombea nije, na nimekuja. Nikaongeza kwamba nimechelewa, ila aliyechelewa si Mungu.